Mwongozaji wa Kambale Aliyenivalisha Jaketi

Usiniambie nilikuwa na usingizi, wala usiniambie majonzi yalinichezea akili. Sikuwa na majonzi, nilikuwa na hasira. Niliyoyaona niliyaona kumekucha, kwa macho haya haya, na jaketi nililovalishwa wameliona watu wengine.

Uvumilivu uliniishia nikiwa kwenye simu. Nilikuwa nimempigia bosi wa mitumbwi kumwuliza kwa mara ya mwisho mume wangu yuko wapi. Mume wangu, Baba Pendo, alikuwa mwongozaji kwake. Masika yakianza, kambale hupanda kwenye mafunjo kutaga, na watu wenye nafasi zao hulipa wapelekwe ziwani kuvua kwa starehe na kupiga picha na samaki mrefu kama mtoto. Masika ya mwaka jana Baba Pendo alienda kazini, hakurudi. Bosi akasema kaacha kazi, kaenda Kharumwa kuchimba dhahabu.

Nani angebisha? Huku kwetu Geita mwanaume akipotea hatafutwi ziwani wala hospitali. Tunasema yuko machimboni, tunarudi kupika. Mama yake mzazi alisema hivyo. Hata mimi nilisema hivyo.

"Mama Pendo," bosi akacheka, "mwanaume akishaonja dhahabu atarudi kunusa kambale? Kapata duara, kapata na wa kumfulia. Wewe bado binti, tafuta mwingine."

Nikakata simu. Pendo, ana miaka minne, alikuwa amesikia. "Mama, duara ni nini?"

"Ni shimo la dhahabu."

"Baba kaingia shimoni? Nani atamtoa?"

Basi. Hapo ndipo nilipochoka kabisa.

Kesho yake alfajiri nikamwacha mtoto kwa jirani hapa Kalangalala, nikachukua bodaboda mpaka mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa. Nilitaka bosi anitajie Kharumwa sehemu gani, nimfuate huyo mwanaume nikamtukane mbele ya huyo anayemfulia.

Nilifika kumeshapambazuka, manyunyu yanaanguka. Hapakuwa na mtu ila mwongozaji mmoja kwenye mtumbwi, amevaa koti la mvua la njano, amenipa mgongo, anakata sabuni ya mche vipande vipande. Ndiyo, sabuni. Kambale anaila kuliko nyama. Nilimjua kwa mgongo tu. Mke ashindwe kumjua mumewe kwa mgongo?

"Mshenzi wewe! Kumbe uko hapa hapa!"

Akageuka. Uso wake, kovu lake la kidevuni, kila kitu chake. Akatabasamu kama mtu asiyenifahamu. "Karibu, mama mgeni. Umekuja siku nzuri, mvua imewaita. Panda."

"Usinichezee, Baba Pendo! Mwanao anakula ugali kwa chumvi, wewe unaniita mgeni?"

"Vaa jaketi kwanza. Liko moja tu."

Nilipanda. Unashangaa? Nilitaka nimpige kwa karibu. Akanivalisha jaketi la kuelea, akafunga kamba zake kifuani, akaniuliza kama linanibana. Vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikamzaba kofi. Hakukasirika hata kidogo.

"Wageni wengine huogopa maji," alisema. "Ni kawaida, mama. Utazoea."

Nikamtukana mpaka koo likakauka, yeye anapiga kafi huku ananieleza jinsi kambale jike anavyotafuta maji mafupi yenye majani. Na polepole nikaanza kuona. Mimi nimelowa, koti lake kavu. Alikanyaga ukingo wa mtumbwi kwa miguu yote miwili, na mtumbwi haukuinama. Niamini, matusi niliyaacha hapo hapo, nikashika ukingo kwa mikono miwili.

Akasimamisha mtumbwi ndani ya mafunjo, penye nguzo ya zamani iliyochomekwa majini.

"Wakubwa wako hapa," akasema, "lakini mimi hapa sivui tena. Mama mgeni, nina ombi. Kalangalala kuna mwanamke anaitwa Mama Pendo. Mwambie sijaenda Kharumwa. Siku ile wageni walikuwa wanne na majaketi manne, mimi sikuwa na langu. Upepo ukatupindua. Wao walielea. Mimi niko hapa, chini ya mafunjo."

"Ni mimi," nikasema. "Baba Pendo, nitazame. Ni mimi."

Akacheka kidogo, kwa adabu. "Wageni mna utani. Kila ninayempa ujumbe huu anasema atafikisha, sijui huwa wanaishia wapi. Yule mama ana hasira za karibu, lakini halali mpaka nifike nile."

Wewe ungefanyaje? Ungemvuta koti? Niliona nikizidi kubishana naye ninamtesa. Anayo kazi moja tu iliyobaki, ujumbe ufike.

"Nitamwambia leo hii," nikasema. "Naapa."

"Wabeja, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma, kama anavyomshukuru mgeni yeyote.

Nikafuta macho. Nilipoyafungua kafi lilikuwa mikononi mwangu na niko peke yangu. Mimi sijawahi kupiga kafi maishani. Nilivyofika nchi kavu anajua Mungu.

Waongozaji wengine walikuwa wameshafika. Mmoja wao, rafiki yake aliyekuwa akija kula kwangu, aliponiona na lile jaketi akakaa chini kwenye matope.

"Shemeji, na wewe kakupeleka?"

"Na mimi? Kapeleka wangapi?"

Akalia. Akasema wageni wengi wamerudi wakisimulia ujumbe ule ule, wengine wakicheka, wakidhani ni kionjo cha safari. Bosi aliwarudishia wale wageni wanne pesa zao wanyamaze, na waongozaji akawaambia atakayefungua mdomo aondoke na kapu lake. "Nina watoto, shemeji." Najua anao. Sijamsamehe bado.

Polisi na wavuvi walipekua mafunjo penye ile nguzo siku hiyo hiyo, wakaipata mifupa yake. Tulimzika kwao, Tinde. Tangu hapo kambale sigusi, na mkono uliompiga kofi hupoa mpaka kwenye kiwiko kila mvua ikianza. Nimeupeleka hospitali, wanasema mzima.

Wewe unayekwenda kuvua kwa starehe, angalia mwongozaji wako amevaa nini. Kama hana jaketi, shuka. Ukipewa ujumbe, ufikishe, hata ukiuona wa kichekesho. Na mtu wako akipotea, usimpeleke machimboni kwa mdomo kabla hujamtafuta kwa miguu.

Haya ndiyo malalamiko niliyoyapeleka ofisi ya kazi, nakala polisi:

"Mimi, mjane wa mwongozaji wa uvuvi, ninalalamika kwamba mwajiri wake alimtuma ziwani bila jaketi la kuelea, akaficha kifo chake mwaka mzima, na akanidanganya kwamba yuko Kharumwa. Mashahidi ni waongozaji wa mwalo ule na wageni wanne waliookolewa. Naomba ashtakiwe, na mitumbwi yake isitoke mpaka kila mwongozaji awe na jaketi lake. Naomba pia iandikwe kwenye jalada langu la ustawi wa jamii la mwaka jana, nilipomshtaki marehemu kwa kutelekeza familia, kwamba nimefuta shtaka hilo. Hakututelekeza. Alikuwa kazini."