Mzabibu Ulioshtakiwa Likunja

Ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu, hujificha wapi masika yote, kabla ya kurudi na baridi na kuyapaka maua ya mikorosho unga wake mweupe? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimelima, na bado sijui. Hata hivyo nilisafiri, kwa kuwa dada yangu Somoe alinipigia simu kutoka Likunja: mumewe, Saidi, alikuwa amenoa panga ili aukate mzabibu wa Somoe, akiamini kwamba ndio unaoambukiza mikorosho yao.

Niliondoka Nachingwea alfajiri kwa pikipiki, katika ukungu uliolowesha nyusi zangu. Kando ya barabara matita ya ufuta yalikuwa yamesimamishwa yakauke. Ruangwa mjini nilikuta jua limekwisha kushika kazi. Nikanywa chai, nikanunua sukari ya kumpelekea dada, nikaendelea.

Likunja, shemeji alinipokea kabla sijashuka. "Wakili wa mti amefika," alisema, "na hana hata koti."

Nikamjibu kwamba sijawahi kuona hakimu anayesikiliza kesi akiwa na panga.

Somoe alitukaribisha mkekani, chini ya mzabibu uliotanda juu ya kichanja, mzito kama paa la makuti. Zabibu changa zilikuwa nyeupe kwa unga. Nilimweleza Saidi ninachokijua kwa hakika: kuvu wa zabibu na kuvu wa mkorosho ni ndugu, lakini kila mmoja ana mti wake. Wanachoshiriki ni hali ya hewa: ubaridi, usiku wenye unyevu, hewa iliyotulia. Hakushawishika. Tukazunguka nyuma, ambako tawi moja lilikuwa limekimbilia uzio, penye jua na upepo. Vichala vyake vilikuwa vya kijani, safi.

Saidi alivigeuzageuza. "Sasa wewe ungekata nini?"

"Kivuli."

Somoe alinuna. "Na wageni wangu mtawaweka wapi, kaka?"

"Wanakula zabibu au wanakula kivuli?" Saidi akamchokoza.

"Wanakula ubwabwa wangu. Kivuli nawapa bure."

Nilijifunza hapo kwamba kinachowastarehesha watu huweza kumstarehesha kuvu pia, na kwamba elimu yangu haikunipa haki ya kumwamulia mwenye nyumba. Tulipokuwa tukila chakula cha jioni, Somoe aliamua mwenyewe: matawi yapunguzwe, shina libaki.

Kulipopambazuka Saidi aliipulizia mikorosho dawa ya salfa, majani yakiwa bado na umande wa kuinasa. Umande ulipokauka alipanda ngazi na panga lake, Somoe akimwonyesha kwa mwiko tawi la kukata, hadi jua likaangukia mkeka.