Fundi wa Ndege Langoni

Kila Jumamosi tangu vita na Wajerumani vianze, fundi wa ndege alifika uwanjani na sare ya jeshi la anga, oili ya injini imeganda kwenye kucha, na kabla ya kuvaa viatu vyake vya kuchezea mpira alivitikisa sikioni kimoja kimoja, kama vina kitu kimelegea ndani. Hayo Winnie, mfua jezi wa klabu, alishayazoea. Matusi ya watazamaji ndiyo hakuyazoea. Leo fundi huyo alibaki yeye na kipa tu, mpira mguuni, mara ndege ya mabomu ikapita juu ikikohoa. Akasimama. Akaifuata kwa macho mpaka ikapotea nyuma ya dohani za viwanda vya pamba, na beki akamnyang'anya mpira bila jasho.

"We zuzu! Umekuja kucheza au kuhesabu kunguru?" alifoka Clegg, muuza nyama, ambaye vita alivisikia redioni tu.

"Funga domo lako, Clegg!" Winnie alimgeukia kwa hasira. "Wenzake wamo humo, na injini ile kaifunga yeye! Unalala salama kwa mikono ya nani?"

Filimbi ya mwisho ilipolia, fundi alipita katikati ya mazomeo moja kwa moja hadi kwenye simu ya klabu. Alipotoka, damu ilikuwa imemrudia usoni.

"Wametua salama," alimwambia Winnie, akaketi kuvua viatu. "Hivi, Bi Winnie, tumemaliza ngapi ngapi?"