Odilia analala mchana ili avune mpunga wake

Saa tatu asubuhi, kundi la ndege aina ya kwelea linainuka kwenye matete upande wa mtoni na kugeukia mpunga wa kijiji cha Michenga. Odilia Melkiori (41) ameshaliona. Anasimama juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, anavuta kamba, na madebe aliyoyatundika shamba zima yanalia kwa pamoja.

“Haya, nendeni! Leo hapa hamli!”

Kundi linapinda na kupotea. Odilia anacheka, kisha anachungulia saa kwenye simu. Zamu yake inaisha saa saba mchana, atake asitake, na anayehakikisha inaisha ni dada yake, Digna.

Bonde la Kilombero linaijua kazi ya kuamia ndege. Mpunga ukianza kujaza punje, familia zinafunga nyumba mjini na kuhamia mashambani hadi mavuno. Huko kulala sana ni aibu. Anayeamka kabla ya wenzake na kupiga kelele hadi jioni ndiye mchapakazi, na sifa zake hufika hadi mjini, mtaa wa Lipangalala, anakoishi Odilia akikaanga vitumbua msimu wa kilimo ukiisha.

Sifa hizo alizipata, na zilimponza.

Odilia ana bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kupita kiasi, halafu unamwangusha kwenye huzuni nzito. Katika miaka mitano amelazwa mara nne, kila mara mwezi Mei. Mara ya mwisho alikaa wodini wiki sita. Mara zote nne, mpunga wake wa ekari mbili ulivunwa na watu wengine.

“Nalima mwenyewe, napalilia mwenyewe, halafu nasimuliwa mavuno,” anasema. “Inauma, jamani. Inauma kweli.”

Dalili ya kwanza ya kupanda kwake ni kukosa usingizi bila kuchoka. Mjini watu wangeshtuka. Shambani walipiga makofi.

“Mwaka juzi aliamia mashamba matatu peke yake, la kwake, la dada yake na la kwangu,” anasema jirani yao, mzee Nikodemu, akikwepesha macho. “Nikampelekea soda, nikawaambia vijana wamwige. Kumbe mtoto wa watu anaumwa.”

Dawa nazo ziliishia hukohuko. Maji yakijaa mbugani, safari ya kliniki ni ya kutwa nzima, na Odilia alijiona mzima kuliko wote. Angeachaje ndege kwa ajili ya vidonge?

Mwaka jana muuguzi wa wodi, Valentino, alimuuliza kwa nini anarudi kila Mei. “Ndege wa mpunga,” akajibu Odilia. Digna, aliyemsindikiza, alimwomba muuguzi amsamehe mdogo wake, kwamba hayo yalikuwa maneno ya ugonjwa.

“Nilimwonea,” anasema Digna sasa. “Nilifika nyumbani, nikakaa jikoni, nikahesabu. Mei zote nne tulikuwa tunaamia ndege. Alikuwa ametujibu sawasawa, sisi ndio hatukumsikia.”

Digna alirudi kwa muuguzi, wakapanga upya. Odilia sasa anapewa dawa za kumtosha miezi miwili, na kopo la vidonge linaning'inia dunguni mahali pa kuonekana. Usiku lazima alale, na mchana pia alale kwa muda wa saa mbili. Akikosa usingizi siku mbili mfululizo, anarudishwa mjini, mpunga ubaki na Mungu. Odilia mwenyewe ndiye aliyeomba sharti hilo la mwisho liandikwe kwenye daftari, maana anajijua.

Mei hii imebakiza siku tisa iishe. Hajarudi wodini.

Ana mpango gani? Anaufikiria kidogo tu, jibu analo siku nyingi.

“Juni nishike mundu mwenyewe. Nikoboe, nipike ubwabwa wa mpunga mpya, nimpelekee Valentino. Nataka niingie ile wodi nimebeba kapu kama mgeni, halafu nitoke siku hiyohiyo.”

Saa saba inafika. Digna anapanda ngazi.

“Shikamoo, dada. Nisubiri hili kundi moja tu, linakuja.”

“Marahaba. Kundi haliishi, Odi. Dawa umekunywa?”

“Nimekunywa asubuhi.”

“Basi lala.”

Odilia ananung'unika, anajinyoosha kwenye mkeka, anajifunika khanga usoni. Muda si muda pumzi zake zinatulia.

Ndipo kwelea wanashuka, mamia, kwenye kona ya shamba yenye mpunga bora kuliko zote. Digna anashika kamba ya madebe. Anamtazama mdogo wake. Anaiachia.

Anateremka ngazi polepole, anavua khanga ya kiunoni na kukimbia ndani ya mpunga akiipunga hewani, kimya kabisa, mama wa miaka hamsini na mbili akirukaruka kwenye matope bila kutoa sauti. Wengine wanaruka. Wengi wanaendelea kula.

Anarudi anahema, matope magotini.

“Waache wale,” ananong'ona, akitazama juu dunguni. “Leo amelala.”