Bawaba Nilizozichagua Mwenyewe

Enzi za Wajerumani nilikuwa seremala Morogoro. Mjerumani mmoja aliweka nyumbani kwake lifti ya kuvutwa kwa kamba, akaniachia nichague bawaba za mlango wake. Nilichagua za springi, zinazojifunga zenyewe, tena ngumu kupita kiasi, ili Mwanahawa, mfua nguo wa nyumba ile, ashindwe kuufungua aniite. Juma zima nilingoja, moyo hautulii. Hakuniita.

Nikajipeleka kuzikagua. Nilipoingia tu ndani ya lifti mlango ukajifunga, na ndani sikuwa nimeweka kitasa. Nikapiga hodi, mimi niliye ndani.

Mwanahawa akaufungua kwa mkono mmoja, kapu la nguo kichwani. Nyuma yake alisimama mjomba wake kutoka Uluguru, ambaye kwao ndiye hupelekewa posa.

“Shikamoo, mjomba,” nikamwamkia.

“Marahaba,” akajibu, kisha akamgeukia mpwawe. “Huyu ndiye uliyesema tumngoje?”