Picha za Visogo

Ruqayya hakuwa mwizi. Hilo tulimalize mapema, kabla hamjaanza kumkunjia uso. Alizaliwa Kisauni, Mombasa, akalelewa na bibi yake aliyekuwa msusi, na maisha yake yote hajawahi kuchukua hata pini ya mtu. Alichochukua ni silabi moja tu. Lakini silabi hiyo ilimnyima raha Jeddah, ikamfuata mpaka Riyadh, na hivi ninavyosimulia sijui kama imemwacha.

Jeddah alikuwa akifanya kazi mtaa wa Aziziya, kwenye saluni ya wanawake, mashghal kama wanavyoiita wenyewe, yenye pazia zito mlangoni ili mwanamume anayepita asione ndani. Mwenye saluni, Madam Ibtisam, ndiye mwajiri aliyewadhamini nchini, kafili wao. Nasema wao kwa sababu wasusi walikuwa wawili: Ruqayya, na Chebet wa kutoka Kapsabet, msichana mrefu, mpole, anayeimba kwa sauti ndogo ya puani akifanya kazi. Walilala chumba kimoja na wakapika sufuria moja, mmoja akila daku na mwenzake akiamka kumpashia chai, ingawa yeye Mkristo hafungi.

Viti vya saluni hiyo vilikuwa vya zamani, havipandi wala havishuki. Ruqayya ni mfupi, havikumsumbua. Chebet ndiye aliyeteseka. Alisuka ameinama kutwa nzima, na jioni akitaka kusimama wima ilibidi ashike ukuta kwanza. Alipomwomba Madam Ibtisam kiti cha kupanda na kushuka, Madam alikigonga kile cha zamani kwa kiganja akasema, "Kizima hiki, mafi mushkila." Haina shida. Kwake haikuwa na shida kweli, maana mgongo haukuwa wake.

Sasa sikilizeni walivyokuwa wakisuka. Mteja wa Jeddah hana subira ya kukaa siku nzima, kwa hiyo kichwa kimoja walikishika wote wawili. Ruqayya alianza upande wa kulia, Chebet wa kushoto, kila mmoja na chanuo lake, wakakutana kisogoni. Na hapo kisogoni ndipo penye kazi. Mistari ya kulia na ya kushoto walikuwa wakiipishanisha, ikapandana na kushuka shingoni kwa fundo pana ambalo huwezi kusema huyu kaishia hapa na huyu kaanzia hapa. Fundo hilo walilibuni wenyewe siku moja wakicheka. Wateja walilipenda mno, wakawa wanakubali kupigwa picha, kwa sharti moja tu, uso usionekane. Ndiyo maana ukurasa wa Insta wa Ruqayya ulijaa visogo. Visogo vitupu, hakuna uso wala mkono wa aliyesuka.

Simu ilikuwa ya Ruqayya. Chebet mambo ya Insta hakuyataka, yeye na WhatsApp yake alitosheka. Lakini siku ya kwanza Ruqayya alimuuliza aandike nini chini ya picha, na Chebet akamwambia, "Andika tumesuka leo, tunashukuru." Ikawa ndiyo desturi. Kila kisogo kiliandikwa Tumesuka.

Huyo Chebet kila kitu chake kilikuwa "tu". Umuulize umelalaje, atakwambia tumelala salama. Umuulize umekula, tumeshiba. Mgongo? Tuko sawa.

"Chebet, mwenzangu," Ruqayya alimtania, "hebu niambie, mko wangapi humo ndani?"

"Ni kuongea tu, dada," Chebet akajibu. "Si tumezoea."

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kufunguka Saudia. Wasichana walikuja saluni wakiendesha magari yao wenyewe, wakitaka nywele za kwendea tamasha. Sheria ya kazi nayo ililegezwa, na msusi aliyemaliza mkataba akaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kumpigia magoti kafili. Mikataba yao ilikuwa inakaribia kwisha, na wote wawili waliitazama Riyadh kwa jicho moja. Huko, walisikia, saluni mpya zina viti vya kukanyaga, unabonyeza kwa mguu na mteja anapanda mpaka kifuani kwako. Chebet alikuwa akikitaja kiti hicho mara kwa mara. Waliahidiana kwamba atakayesikia nafasi kwanza atamwambia mwenzake.

Ruqayya akajiunga na darasa la WhatsApp la Mkenya mmoja, Wesley, karani wa ghala huko Al-Sulay, Riyadh, ambaye Ijumaa zake alikuwa akiwafundisha watu namna ya kujinadi mtandaoni. Sina ugomvi na Wesley. Alifundisha mambo ya maana: picha iwe na mwanga, barua pepe iwe na jina lako na si malkia wa fulani, usimwandikie mwajiri kwa herufi kubwa tupu. Siku alipoukagua ukurasa wa Ruqayya alisifu, kisha akasema kwa sauti yake ya kikazi:

"Dada, hii tumesuka ni nani na nani? Mwajiri haajiri umati. Jiuze wewe. Andika nimesuka."

Na Ruqayya akaandika. Alikaa kitandani baada ya chakula cha mchana, Chebet akiwa jikoni anaosha vyombo, akaingia picha moja baada ya nyingine, akafuta "tu" akaweka "ni". Kidole kilikuwa chepesi. Alijiambia si uongo, kwani hakusuka? Nusu ya kichwa si ni yake? Alijikosha hivyo mpaka akamaliza, na bado roho haikutulia, kwa sababu mtu anayesema kweli hainuki kwenda kufunga mlango kwanza, kama alivyofanya yeye.

Nafasi ikatokea. Saluni moja kubwa kaskazini mwa Riyadh ilitaka wasusi, na meneja wake, Madam Hanouf, akaomba picha za kazi kwa barua pepe. Ruqayya alituma zake usiku huohuo. Chebet alimwambia kesho yake. Ahadi ni ahadi, aliitimiza, ila aliitimiza akiwa ameshatangulia.

Chebet alifurahi mpaka akakaa chini. "Dada, nitumie zile picha zetu basi. Na sisi tujaribu."

Hapo ndipo angesema. Mimi nikifika hapa kila mara hasira hunipanda, kwa sababu mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema tu, Chebet, picha hizo nimeshazituma, na nimeandika ni zangu, ngoja nimwandikie yule Madam nimweleze. Maneno ya kumaliza kabla chai haijapoa. Lakini aliona haya. Akajitia hamnazo, akazituma zile picha kwenye simu ya mwenzake, akamsaidia hata kuziambatisha. Chebet akaandika chini yake, kama kawaida yake, Tumesuka.

Haikupita wiki, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Ruqayya. Walikuwa kazini, kichwa kimoja kati yao, Chebet kushoto akiimba. Madam Hanouf aliuliza, kwa maneno machache: kuna mwanamke mwingine ametuma picha hizihizi. Ni za nani?

Ruqayya alisoma. Alimtazama Chebet kwa juu ya kichwa cha mteja. Chebet alikuwa ameinama, mkono mmoja umekamata nywele, wa pili umerudi nyuma kiunoni kujikanda. Ruqayya akaziachia nywele za upande wake. Akaandika, "Picha zinatoka kwenye ukurasa wangu."

Tazameni jibu hilo. Lipindueni mnavyotaka, hamtapata neno la uongo ndani yake.

"Halas, nimeelewa," Madam Hanouf akajibu, na kazi ikawa ya Ruqayya.

Chebet alijibiwa baadaye. Alimletea Ruqayya simu amsomee, kwa sababu Kiingereza kile kilikuwa cha mkato na alidhani amekielewa vibaya. Hakukielewa vibaya. Aliambiwa saluni haiajiri watu wanaojipamba kwa kazi za wengine.

"Dada, kuna mtu ametuibia picha," alisema polepole. Macho yalikuwa yamemjaa machozi lakini hayakuanguka. "Ametuibia akatangulia kutuma. Tutamtafuta."

"Tutamtafuta," Ruqayya akasema.

Alisema hivyo, kwa mdomo wake, na usiku huo alijifunika shuka mpaka kichwani. Siku alipotangaza kwamba yeye amepata, alijiandaa kwa maswali. Alikuwa amepanga majibu, kila moja na sababu yake. Chebet hakuuliza swali. Alimkumbatia akasema, "Tumepata, dada. Mungu ni mwema, tumepata." Akampikia ugali wa kumuaga na kuku mzima. Ruqayya alikula kila kilichowekwa sahanini, maana angekataa angelazimika kueleza. Kisha ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ikahamishwa, akafunga sanduku, akampa mwenzake kisogo akaenda zake Riyadh.

Saluni ilikuwa kama walivyosikia. Asubuhi ya kwanza alikalisha mteja, akakanyaga kile chuma chini ya kiti, na kiti kikapanda kimya kimya. Kilimpita. Kwa ufupi wake hakukihitaji hata kidogo, ilibidi akishushe tena mpaka chini kabisa. Alisimama hapo amekishika kwa mkono, mteja akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Alikuwa anaumwa. Aliona aibu iliyomfanya atamani kukirudisha kile kiti Aziziya kwa mgongo wake mwenyewe.

Chebet aliendelea kumwandikia. Tumeamka. Tunafanya kazi. Mgongo unasumbua kidogo lakini tuko sawa. Kisha siku moja: Madam ameleta mkataba mpya wa miaka miwili, na kwa kuwa hatukupata mahali pengine, tumetia sahihi. Aliongeza kwamba yule mwizi hajapatikana, lakini tumemsamehe.

Hilo la kusamehe ndilo lililomvunja. Ruqayya alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Madam Hanouf, abaya bado begani, akasema yote. Picha ni zetu sote wawili. Kichwa tunasuka wawili. Yule si mwizi, Madam, na ukitaka mmoja kati yetu umchukue yeye. Alidhani atafokewa, na kusema kweli alitaka afokewe. Madam Hanouf alimsikiliza mpaka mwisho, akajikuna paji la uso kwa kalamu.

"Ameshatia sahihi kwa mwingine?" aliuliza.

"Ndiyo, Madam."

"Na mimi nafasi nimeshaijaza. Ungesema siku ile nilipokuuliza, ningewachukua nyote. Nilitaka wawili." Akatazama mlangoni. "Yalla, una mteja."

Nilitaka wawili. Ruqayya alitoka na maneno hayo, na sitajaribu kuwaeleza yalimfanya nini. Alimsuka mteja wake mpaka mwisho. Fundo la kisogoni alilifunga peke yake, lilifungika vizuri tu, na mteja akashukuru.

Mapumziko ya mchana alikaa kwenye ngazi za nyuma, akafungua ukurasa wake, akaanza kufuta "ni" na kurudisha "tu", picha baada ya picha. Zilikuwa nyingi na kidole sasa kilikuwa kizito. Kabla hajamaliza, Wesley alimwandikia: dada, mbona unajishusha? Akaendelea kufuta.

Alipomaliza ndipo alipomrekodia Chebet. Hakujificha nyuma ya Wesley wala nyuma ya shetani. Alisema mwizi ni mimi. Alisema nilikufuta kwenye picha zetu wewe ukiwa unatuoshea vyombo, nikajua, nikanyamaza, nikala kuku wako. Alimweleza hata lile la Madam Hanouf kutaka wawili, ingawa angeweza kuliacha, kwa sababu alikuwa amechoka kuchagua ukweli wa kusema. Aliomba radhi, akautuma ujumbe bila kuusikiliza tena.

Alama mbili zikageuka bluu. Alijua Chebet anasikiliza, na alijua amekaa wapi, kwenye kile kitanda cha dirishani, simu ameiweka sikioni kama wanavyofanya watu wa kwao. Ujumbe ulikuwa mrefu. Ruqayya alisubiri.

Jibu lilikuja kwa maandishi, mstari mmoja.

"Nimesikia. Niko sawa."

Ruqayya alisoma mara ya pili, akiitafuta "tu". Ndani waliita jina lake, mteja amefika. Akatia simu mfukoni akaingia.