Karatasi Nyeupe ya Zuhura

Harufu ya pasi ya makaa hunichefua roho mpaka leo. Asubuhi ile nyumba yetu ya mtaa wa Bwiza ilijaa harufu hiyo, maana Mama alikuwa akinyoosha gauni la Idi la dada yangu Zuhura, la kijani lenye lesi shingoni, ili ampeleke kwa madaktari wa Kizungu waliokuja kuangalia mioyo ya watoto. Zuhura alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi tisa. Miezi mingi nyuma koo lilimuuma, akasukutua maji ya chumvi na ndimu, likapoa, tukasahau. Baadaye magoti yakavimba, kisha pumzi ikaanza kumkatika. Kwenda bombani, hatua chache kutoka mlangoni, alipumzika mara mbili, na kulala alilala ameketi, mgongo ukutani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ulikuwa koo ambalo sindano za zahanati zingelitibu kabla ugonjwa haujashuka moyoni. Muuguzi wa hapo alimsikiliza kifua, akasema wageni wana mashine ya kuona moyo, na wakimkubali watampeleka nje akapasuliwe bure. Mgeni njoo, mwenyeji apone, jirani zetu walisema, na mimi niliamini.

Uani mwa hospitali akina mama walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Kijana mmoja, Murundi mwenzetu, mwenye fulana iliyochorwa moyo mwekundu, alipita akiuliza na kuandika. Mtoto mwenye dalili alipewa karatasi ya manjano ya kuingilia kwenye mashine, asiye nazo akapewa nyeupe. Hilo hakuna aliyetuambia.

"Mama, mutoto anaendelea namna gani?" akauliza alipotufikia.

"Muzima, alhamdulillahi."

"Anakula muzuri? Analala muzuri?"

"Muzuri tu. Tunashukuru Mungu."

"Akitembea anachoka?"

"Apana, baba. Na kwenu, wote wazima?"

Kwetu mtu hamwagi shida yake mlangoni. Ukiulizwa hali unajibu mzima, hata kama umeletwa kwa kubebwa. Unaulizwa watoto, chakula, usingizi, na yote unayajibu kwa shukrani, kisha nawe unauliza ya mwenzako. Shida husemwa salamu zikiisha, mmeshakaa, tena kwa mhusika mwenyewe. Mama alidhani kijana anamsalimia tu, na kwamba daktari yuko ndani anangoja kusikia yale ya kulala ukutani. Nilifungua mdomo niseme, akanifinya paja. "Nyamaza we, wakubwa wanasema." Zuhura naye akatabasamu kwa adabu, kama tulivyofundishwa. Kijana akatoa karatasi nyeupe na Mama akaipokea kwa mikono miwili. Mzungu mmoja mwanamke alilipenda lile gauni, akampiga Zuhura picha.

Tulikaa tukingoja kuitwa hadi alasiri, walipoanza kufunga masanduku yao. Mama akamfuata kijana, akamwambia sisi bado hatujaingia.

"Mama, we ulisema iko muzima," kijana akajibu. "Majina imeshajaa. Mutarudi mwaka kesho."

Zuhura hakuufikia mwaka huo. Msibani watu walisema mficha maradhi kilio humfichua, na walisema kwa sauti ya kutosha Mama asikie. Sijawasamehe. Mama hakuficha kitu, alikuwa na adabu tu, adabu ileile ambayo wao wangemsema asingekuwa nayo. Wageni waliporudi walikuja na karatasi za kuwashukuru wafadhili wao, na mbele kabisa yuko Zuhura na gauni la kijani, anatabasamu. Ndiyo picha yake pekee tuliyo nayo. Mama ameitundika sebuleni na mimi sina nguvu ya kumwambia aitoe.

Nina hasira, na sitaki kuambiwa nishukuru. Najua wapo waliopata karatasi ya manjano siku ile wakapona. Mmoja anauza vitenge hapahapa Bwiza, nanunua kwake, na nafurahi kumwona mzima. Lakini watu walipanda ndege na mashine yao hadi kwetu, wakakosa saa moja ya kuuliza watu wa hapa huusemaje ugonjwa. Yule kijana alijua, ni mtoto wa hapa, ila alikuwa na haraka. Na wakubwa wetu, ambao wao wakiugua hupanda ndege, wameridhika mioyo ya watoto wetu ingoje wageni wapate likizo. Siku hizi mashine inaenea begini. Koo bado linasukutuliwa chumvi, na wageni bado wanakuja kwa wiki moja.

Wakija, naomba ruhusa kazini nikasimame kando ya mabenchi. Hakuna aliyenituma. Safari iliyopita niliisikia harufu ya pasi kabla sijamwona mama mmoja aliyempakata binti wa miaka mitano hivi, gauni limenyooshwa, midomo ya mtoto imeiva rangi ya zambarau. Mwenye kalamu akauliza hali. Yule mama akajibu muzima, alhamdulillahi, akaanza kuuliza ya kwao.

Nikaweka kiganja juu ya karatasi. "Usiandike," nikamwambia mwenye kalamu. Kisha nikachuchumaa mbele ya yule mama, nikamshika mkono.

"Salamu zimeisha, mama. Sasa sema."