Nikirudi Kutoka Kitgum

Kuna Jumapili moja ambayo haijaniacha mpaka leo, mwanangu. Nikikusimulia utaelewa kwa nini nimekuita uketi hapa kabla hujatia saini mkataba wako wa kwanza.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na kazi yangu ilikuwa hiyohiyo unayoitaka wewe, uuguzi wa kuhamahama. Shirika lilinituma popote penye upungufu wa wauguzi: miezi mitatu Kitgum, miwili Moroto, kisha Kasese. Katikati nilipata siku chache za kurudi Kampala, kwenye nyumba za polisi kule Nsambya, maana mume wangu Ramadhani alikuwa dereva wa polisi. Binti yetu Amina alikuwa shule ya bweni. Na hizo siku chache, usidhani nilipumzika. Kliniki moja ya Lubaga ilikuwa na namba yangu. Wakipiga tu, "Musawo," yaani tabibu kwa Kiganda, "leo tumepungukiwa," mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Haikuwa shida peke yake iliyonisukuma. Nilipenda kuhitajiwa, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hiyo nayo ni tamaa.

Jumapili ile nilikuwa nimefika jana yake kutoka Kasese, na tayari nilikuwa najiandaa kwenda Lubaga. Ramadhani akanimiminia chai. Ikapita kando ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka kwenye sare yangu niliyokwisha kuipiga pasi. Nikamfokea.

"Baba Amina, kwani huoni?"

Akaweka birika chini polepole. "Pembeni sioni vizuri siku hizi," akasema. "Kama kuna ukungu. Nilikuwa nangoja uje unitazame."

Sikumtazama, mwanangu. Mimi niliyekuwa nikimulika macho ya wagonjwa kwa tochi kila siku, ya mume wangu sikuyamulika. Nilibadilisha sare, nikamwambia ni umri tu, atafute miwani. "Nikirudi kutoka Kitgum nitakupeleka kwa daktari wa macho," nikasema huku nafunga kamba za viatu. Akaitikia, "Haya, mama," na wiki ile ile nikapanda basi.

Nikiwa Kitgum akanipigia mchana mmoja, wodi imejaa, mimi nimeshika dripu.

"Mama Amina, leo nimegonga mtu wa boda. Hakuumia sana, Mungu amesaidia. Alitokea kulia na mimi sikumwona kabisa."

"Pole sana. Nitakupigia."

Sikumpigia siku ile wala kesho yake. Nilipokumbuka, siku ya tatu, aliniambia wamemwondoa kwenye gari na kumweka getini. Sauti yake ilikuwa tulivu. Ukitaka kujua uchovu unavyomharibu mtu, sikiliza hili: nilifurahi kwamba amepata kazi nyepesi.

Mkuu wa wodi yetu alikuwa Sista Perpetua, mama mtu mzima wa Kiacholi aliyeongea kidogo. Tulikuwa tunakunja mashuka nikamsimulia habari hiyo, kama habari tu. Akaacha shuka.

"Dereva hamwoni mtu aliye kulia kwake, na mke wake ni muuguzi?" akaniuliza. "Angekuja hapa wodini na maneno hayo, ungemwacha kwenye foleni miezi mitatu? Nenda nyumbani kesho. Zamu zako nitazigawa."

Nikakataa. Nikamwambia zimebaki wiki tano tu, na sijawahi kuacha mkataba njiani. Nilisema kwa fahari. Akaendelea kukunja mashuka, na hakulirudia neno hilo tena. Wiki tano zilipoisha, shirika likaniomba niunganishe moja kwa moja mpaka Moroto. Nikakubali.

Kwa hiyo tulipoingia kwa daktari wa macho, ilikuwa imepita karibu nusu mwaka tangu chai ile. Daktari alimpima kwa muda mrefu. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Matone ya dawa yangeanza mapema yangelinda mengi," daktari akasema. "Kilichokwenda hakirudi. Mzee, nyumbani kwenu hakukuwa na mtu wa kukushauri uje mapema?"

Ramadhani hakusema, "Mke wangu huyu hapa ni muuguzi." Nilikuwa nimeketi kando yake, mkoba mapajani, nikingoja aseme. Afadhali angesema.

Jicho la kushoto lilivumilia miaka miwili. Kazi ikaisha, tukatoka nyumba za polisi, tukahamia hapa Makindye. Siku ya harusi ya Amina, Ramadhani alimpapasa uso binti yake mbele ya watu, na wote wakageuka upande mwingine. Mimi sasa nimestaafu. Muda ninao, kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, na hakuna ninaloweza kulitengeneza nao. Niliwahi kumwomba msamaha. Akaniambia, "Nilikusamehe zamani. Lakini usitake niseme haikuniuma."

Mwanangu, mimi niliambiwa wazi na sikusikia, kwa hiyo sijui kama wewe utasikia. Nitasema hata hivyo. Kabla hujapokea ratiba ya mtu yeyote, andika kwanza siku zako za nyumbani, uzitetee kama unavyotetea zamu. Siku ya mapumziko wakikupigia, sema huwezi. Watapata mwingine, siku zote wanapata. Ukimwambia mtu wako "nitakupigia," mpigie kabla hujalala. Na mtu wa nyumbani akikuambia anaumwa, mpe nafasi ileile ambayo ungempa mgonjwa usiyemjua. Hata usipolala, siku zako hazitaongezeka. Utazitoa kwa fulani na kumnyima fulani, na anayenyimwa mara nyingi ni yule asiyelalamika.

Nenda basi. Mungu akupe miguu isiyochoka na mdomo unaoweza kukataa. Akulinde barabarani, awaponye utakaowashika, na kila mara akurudishe nyumbani wakati bado yupo anayeweza kukuona ukiingia.